Unga wa maziwa wenye mawese unalipiwa ushuru gani?

MamaMtindi, Tukuyu
Habari za leo wakuu. Nasindika mtindi hapa Tukuyu, maziwa nanunua kwa majirani. Jana sokoni Mwanjelwa, Mbeya, nimeshika mfuko wa kilo 25, nikausoma nyuma: maziwa yaliyotolewa mafuta, kisha mafuta ya mawese. Ukiukoroga na maji unatoka rahisi kuliko maziwa yangu, mimi bei hiyo siwezi kushindana nayo. Inaniuma kweli. Si tunaambiwa maziwa ya nje yana ushuru mkubwa?

Wakala wa Tunduma
Shikamoo mama. Ushuru upo, ila angalia namba ambayo forodha inaipa kila bidhaa. Unga wa maziwa halisi uko 0402, na ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki hapo ni 60%. Mafuta ya maziwa yakitolewa yakawekwa ya mimea, forodha haiuhesabu tena kuwa maziwa. Unahamia 1901, vyakula vilivyotayarishwa, na huko ushuru uko chini. Mzigo wa nchi ya SADC (jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika) wenye cheti cha uasilia, yaani cha kuthibitisha umetengenezwa huko, una hesabu nyingine kabisa.

Mfugaji Njombe
Hapo ndipo tunapoumia. Masika maziwa yanajaa, gari la kukusanya halifiki, mwezi uliopita nimemwaga ndoo mbili. Ng'ombe hajui 1901.

MamaMtindi, Tukuyu
Marahaba mwanangu, asante. Kwa hiyo mwenye duka akiuandika "maziwa" kwenye kibao chake, anakosea?

Wakala wa Tunduma
Anakosea, mama. Piga picha ile lebo ya nyuma, uwapelekee chama chenu cha ushirika.