Nahamia Windows: Logic Pro naipataje, na projekti zangu nizitoeje?

kinanda_88
Wakuu, habari za kazi. Nimezoea Logic Pro (programu ya Apple ya kurekodi muziki) kwenye MacBook, sasa kazi zinahamia kompyuta ya mezani yenye Windows 11, RAM GB 16 na kadi ya sauti ya USB. Projekti ziko kama 40: vokali, ngoma za Drummer, sauti za Alchemy (ala za ndani ya Logic). Kuna namna ya kuiweka Logic kwenye Windows? Kama haipo, nazihamishaje bila kuanza upya?

FundiMawimbi
Haipo, mkuu. Zamani ilikuwepo: Logic ilikuwa mali ya Emagic, kampuni ya Ujerumani, na ilifanya kazi Windows na Mac. Apple waliinunua Emagic mwaka 2002, toleo la Windows likakomea 5.5. Ukikuta mtandaoni faili la "Logic Pro ya Windows", ujue hivyo ni virusi vimevaa kanzu.

Kuendesha macOS kwenye mashine pepe ndani ya Windows nako usipoteze muda. Leseni ya Apple hairuhusu kwenye kompyuta isiyo yao, na kadi ya sauti ikilazimika kupitia mifumo miwili sauti inachelewa na kukatikakatika. Kurekodi vokali hapo ni adhabu.

La muhimu ni hili: usiiuze MacBook kabla projekti zote hazijatoka. Alchemy, Drummer na ala nyingine ya Logic, ES2, hazipo kwenye Windows, kwa hiyo usichokigeuza kuwa faili la sauti leo hutakisikia tena.

traki24
Naongezea hatua zenyewe.

Ihifadhi projekti kwa jina jingine kwanza, usiguse ya asili. Kisha nenda "File", "Export", "All Tracks as Audio Files". Chagua WAV, biti 24, na "Normalize" iwe "Off", la sivyo uwiano wa miksi unavurugika. Weka tiki kwenye "Include Audio Tail" ili mwangwi wa mwisho usikatwe. Faili zote ziishie mwisho wa projekti; zikiwa na mwanzo mmoja, kule Windows unaziburuta zote hadi sifuri na zinakaa mahali pake.

Rudia mara mbili. Mara ya kwanza plagini (programu ndogo za kubadili sauti) zikiwa zimewashwa, mara ya pili ukiwa umetia tiki "Bypass Effect Plug-ins". Seti ya kwanza inakuonyesha miksi ilivyokuwa, ya pili ndiyo utakayoichanganya upya. Wengi hutoa moja tu, halafu wanakuta vokali ina rivabu (mwangwi) isiyotoka.

MIDI (nota zenyewe, siyo sauti) nayo itoe, lakini kila kipande kinatoka kama traki yake. Geuza lupu ziwe vipande halisi kwa Control-L, unganisha vipande vya kila traki kwa Command-J, ndipo uchague vyote na kutoa kwa "Selection as MIDI File". Andika pembeni tempo, kipimo cha mapigo na kiwango cha sampuli (44.1 au 48 kHz).

Plagini za kununua: Logic inatumia plagini za aina ya AU, na AU ni ya vifaa vya Apple peke yake. Kampuni nyingi leseni yao inakuruhusu kupakua VST3 (aina inayokubalika Windows) bila kulipa tena. Mipangilio yako ihifadhi kupitia menyu ya plagini yenyewe, siyo ile ya Logic juu ya dirisha, maana hiyo ya Logic, Windows haiijui.

kinanda_88
Asanteni sana. Mambo mawili: diski yangu ya nje Windows haiioni kabisa. Na projekti tatu zilihifadhiwa kwa Logic mpya zaidi, MacBook hii inakataa kuzifungua.

FundiMawimbi
Diski hiyo bila shaka ina fomati ya Mac, APFS au HFS+. Ifomati exFAT, Mac na Windows zote zitaisoma. Hamisha vilivyomo kwanza, kufomati kunafuta kila kitu. Na usiichomoe ghafla, exFAT haina kinga ya data kama APFS.

Zile tatu hazijapotea zote. Faili la .logicx kwa kweli ni folda, na Windows inakuonyesha hivyo. Ingia humo utafute "Media", halafu "Audio Files" (kama ulihifadhi kwa mtindo wa folda, "Audio Files" iko kando ya .logicx). Vokali ulizorekodi zimo. Ala za Logic hazimo, kwa sababu zile ni nota tu.

Faili za WAV za Logic hubeba alama ya muda zilipoanza kurekodiwa. Kwenye Reaper (programu ya kurekodi ya Windows na Mac) ziingize, zichague zote, tafuta kwenye orodha ya vitendo "source preferred position", inayozipeleka kwenye alama hiyo. Usishtuke zikirukia saa 1 mbele: Logic huhesabu baa ya kwanza kuwa 01:00:00:00. Zirudishe zote kwa pamoja hadi mwanzo. Zilizokatwa na kusogezwa baadaye utazipanga kwa sikio.

bafa128
Kwa mtu wa vokali nyingi naunga mkono Reaper. Majaribio siku 60, kisha dola 60 kama mapato yako ya mwaka hayazidi dola 20,000. Toleo la 7 lina njia za kuchagua vipande bora vya vokali, karibu na ulivyozoea. Cubase, programu nyingine ya aina hiyo, ni nzuri, ila bei yake iko juu. Flex Pitch, ya Logic ya kurekebisha nota za vokali, ndiyo utakayoikumbuka. ReaTune ya ndani ya Reaper inafanya kazi lakini inachosha, Melodyne ni afadhali.

Weka draiva ya ASIO (inayopunguza ucheleweshaji wa sauti Windows) ya mtengenezaji wa kadi yako, siyo ASIO4ALL, hiyo ni ya asiye na draiva. Bafa (akiba ya sampuli za sauti) iwe 128 wakati wa kurekodi: kwa 48 kHz ni kama milisekunde 2.7 kwenda tu. Kwenye miksi panda hadi 1024. Sauti ikipasuka hata kwa bafa kubwa, endesha LatencyMon, programu inayoonyesha draiva inayochelewesha sauti. Mara nyingi mchawi ni draiva ya Wi-Fi. Izime uone.