Watoto wameacha Kiaweer, nifanyeje?

Jamani wa Lamu, mamangu ni Muaweer, yaani Mboni, wa kijiji cha Basuba, mi nimelelewa Amu mjini. Wanangu Kiaweer wanasikia kidogo ila hawajibu, nyumbani Kiswahili, shule Kiingereza. Naumia kweli. Nifanyeje?

Jibu 1: Likizo wapeleke kwa bibi yao wakae, na wewe ongea nao kila siku usingoje mwalimu. Kidahalo, ile lugha ya huku Pwani yenye vidoko (sauti za kugonga ulimi), ilififia hivi hivi, wazazi waliwaongelesha watoto Kiswahili tu na sasa wasemaji ni wachache mno.

Jibu 2: Katiba ya Kenya ya 2010 kifungu cha 7 inataka serikali ilinde lugha zetu zote, lakini dukani, hospitali na kazini ni Kiswahili. Mrekodi bibi kwa simu akihadithia, mapema.

Muulizaji: Shukran sana ndugu zangu, Desemba nawapeleka inshallah.