Kalamu gani ya postikadi: jeli, bolpeni au Micron?

KadiTele
Wakuu, nataka kununua kalamu za kuandikia postikadi. Nanunua boksi zima la 12, kwa hiyo sitaki kubahatisha. Nimechuja zikabaki tatu: Uni-ball Signo 0.38 (jeli), Bic Cristal ya kawaida (bolpeni) na Sakura Pigma Micron 03 (ya ncha ya plastiki). Wino mweusi, usomeke, usichafuke njiani. Ipi bora? Nawasilisha.

WinoMzito
Signo. Uzi ufungwe.

Nukta_Mkato
Usifungwe bado. Mleta mada umeleta nusu ya swali. Upande wa kuandikia una vanishi au ni karatasi tupu? Unaandika kwa mkono gani? Zinatumwa wazi au ndani ya bahasha? Bila hayo kila mtu atakutajia kipenzi chake tu.

KadiTele
Upande wa picha unang'aa, wa kuandikia ni mlaini mlaini, sijui kama umepakwa kitu. Naandika kwa kushoto.

Nukta_Mkato
Basi pima. Weka tone dogo la maji kwenye kona ya stempu, maana doa litafunikwa. Subiri dakika moja. Tone likinywewa na karatasi ikabaki na doa la unyevu, hapo ni karatasi tupu na karibu kalamu yoyote itakubali. Likibaki limesimama, pana vanishi, na Signo itakusumbua. Jeli ina maji mengi. Kwenye karatasi tupu maji huingia kwenye nyuzi na pigmenti (chembe za rangi) inashika papo hapo. Kwenye vanishi hakuna pa kuingilia, inabidi maji yaondoke hewani tu, na pigmenti inabaki imelala juu. Unaweza kuipitishia kidole kesho yake ikatoka. Ncha ya 0.38 inapunguza tatizo kwa kuwa inamwaga wino kidogo, lakini hailimalizi.

Na wewe wa kushoto kiganja kinapita juu ya mstari kabla haujakauka. Sekunde chache kwako ni nyingi.

WinoMzito
Signo ikikauka maji hayaitoi. Hilo mbona hulisemi?

Nukta_Mkato
Nalisema: ikikauka.

StempuMbili
Mimi nasimama na Bic. Kipira cha nchani ni milimita 1.0, mstari unatoka kama 0.4, na wino ni wa mafuta, mzito, hauogopi matone ya mvua. Lakini mtu ajue namna ya kuitumia. Kwanza, usiandike juu ya rundo la kadi: unakandamiza, na alama zinatokeza kwenye picha ya kadi ya chini. Weka kadi moja juu ya meza ngumu. Pili, wino hujikusanya pembeni mwa mpira, ukianza neno jipya linadondoka bonge. Kila baada ya mistari mitatu minne, zungusha ncha kwenye karatasi chakavu. Hilo bonge ndilo linalochafua kadi ya jirani, wala si mstari wenyewe. Tatu, kama mpokeaji ataibandika ukutani mbele ya dirisha, wino wa bolpeni ya kawaida hupauka kwa jua.

Asiyependa kukandamiza achukue Uni Jetstream. Ni ya mafuta pia, ila nyepesi, inateleza na inakauka upesi. Sishangai watu wa kushoto wakiisifu.

MzeeWaNibu
Hamjamgusa Micron. Namba 03 ni mstari wa milimita 0.35, 01 ni 0.25, 05 ni 0.45. Ni pigmenti, haipauki haraka, haisambai kwa maji ikishakauka. Udhaifu wake ni ncha: ni plastiki nyembamba ndani ya mrija wa chuma. Anayeandika kwa kushoto mara nyingi anaisukuma badala ya kuivuta, na ikisukumwa kwa nguvu inazama ndani ya mrija au inapanuka. Kama ni lazima, achukue 05, ishike wima kidogo, mkono mwepesi. Juu ya vanishi ina shida ileile ya jeli.

Na kabla mtu hajamshauri jeli ile inayofutika kwa kusuguliwa, nisikilizeni. Kwa daftari haina ubaya. Kwa posta ni balaa. Nimeshapokea kadi ya namna hiyo: anwani iliandikwa kwa kalamu nyingine, ndiyo maana ilifika, lakini ujumbe ulikuwa umetoweka, imebaki mikwaruzo ya ncha ukiigeuza kwenye mwanga. Kinachoufuta wino ule ni joto la msuguano, si kile kipande cha mpira cha kufutia kwenye kalamu. Ukifika kama nyuzi 60 za Selsiasi unapoteza rangi, na joto hilo halihitaji msuguano: gari lililofungwa na kuachwa juani linaweza kulikaribia, na mashine ya kulamineti (ya kufunika karatasi kwa plastiki) inalipita. Ukipozwa hadi nyuzi 10 au 20 chini ya sifuri unarudi. Kadi ikafungwa kwenye mfuko wa plastiki, ikalala kwenye friza. Maandishi yakarudi, yamefifia, na yale aliyoyafuta mwandishi kwa makusudi yakarudi nayo. Mstari juu ya mstari. Hausomeki wowote.

WinoMzito
Nani anaacha postikadi kwenye gari juani?

MzeeWaNibu
Posta, mkuu. Zinasafiri kwa magari.

Kijiti
Tieni kwenye bahasha, mjadala uishe.

StempuMbili
Sasa hiyo si barua? Raha ya postikadi ni ifike na muhuri wa posta mgongoni.

Kijiti
Kuna bahasha angavu za plastiki. Muhuri haupo kwenye kadi lakini kadi inafika safi.

Nukta_Mkato
Safi kama wino ulikauka. Ukifungia wino mbichi kwenye plastiki unagandia plastiki badala ya kadi. Upe wino siku nzima kwanza. Na kadi zisizo na bahasha usizipange moja juu ya nyingine. Weka karatasi tupu katikati, la sivyo maandishi ya hii yanahamia kwenye picha ya ile.

KadiTele
Nimepima. Kumbe nina pakiti mbili tofauti. Moja imenywa maji, nyingine tone limekaa tu.

WinoMzito
Iliyokunywa, Signo. Nilisema.

Nukta_Mkato
Iliyokunywa, chochote kati ya vile vitatu, ila kwa mkono wa kushoto ningeanza na bolpeni. Ya vanishi haitaki hata kimoja katika orodha yako. Hapo ni Staedtler Lumocolor ya kudumu, ile ya alama S, milimita 0.4. Wino wake ni wa spiriti, umetengenezwa kwa ajili ya plastiki, unakauka kwa sekunde. Usiitumie kwenye pakiti ile nyingine. Kwenye karatasi tupu inasambaa na herufi zinanenepa.

Kabla ya boksi nunua moja moja. Chukua kadi uliyoiharibu, kutoka pakiti ileile, andika neno, lisugue baada ya sekunde 10, jingine baada ya 30, jingine baada ya 60. Kesho yake pitisha kijiti cha pamba chenye unyevu.

StempuMbili
Na kama kalamu inarukaruka katikati ya herufi, usiitupe. Mara nyingi ni mafuta ya vidole kwenye kadi. Pangusa kwa kitambaa kikavu, na weka karatasi chini ya kiganja unapoandika.

Kijiti
Anwani iandikeni kwa herufi kubwa, nyeusi au bluu iliyoiva, nchi mstari wa mwisho. Kama sentimita moja na nusu ya chini acheni wazi, posta nyingi hupiga msimbo wa mashine hapo, na ujumbe ukishuka mpaka chini unafunikwa.

MzeeWaNibu
Bado hakuna aliyetaja kalamu ya nibu. Nibu F (ncha nyembamba) na wino wa Platinum Carbon Black: pigmenti, maji hayaigusi, mkono hauchoki. Isafishwe kwa maji mara kwa mara tu, ikikaukia ndani ya nibu kuitoa ni kazi.

WinoMzito
Mtu kaomba kalamu, unampa kazi ya usafi.

KadiTele
Nimewaelewa nusu. Na kama baadhi ya kadi ni nyeusi?

StempuMbili
Eeh, sasa ndiyo unasema! Signo nyeupe, UM-153, ncha pana ya 1.0. Ila rudi kwanza kwenye tone la maji.