Ukoo wa Chumbageni: Mchango wa Zuhura

Shangazi Mwanaidi, 07:12
Assalamu alaykum. Nawakumbusha kwa mara ya tatu kwamba ile kliniki ya ng'ambo inataka arbuni kabla ya Ijumaa, ili Zuhura, mwenye maltipo sklerosisi, apangiwe siku ya kudungwa seli shina, yaani seli mama zinazozaa seli nyingine, ambazo, kwa maelezo yao, zitaotesha upya mayelini iliyoliwa na ugonjwa. Tumo watu 31 humu, waliosoma ni 28, na waliotuma ni watatu.

Rehema, 07:40
Inshallah, shangazi.

Shangazi Mwanaidi, 07:41
Rehema, inshallah hailipi arbuni.

Hemedi (London), 09:26
Shikamoo shangazi. Nimetoka zamu ya usiku wodini sasa hivi. Kliniki hiyo imechanganya mambo mawili. Mayelini ni ala ya mafuta inayovika nyuzi za neva, kama ganda la plastiki juu ya waya wa umeme, na katika maltipo sklerosisi ni kinga ya mwili wenyewe inayoibambua. Upandikizaji uliopata ushahidi wa nguvu ni wa seli shina za damu: mgonjwa huvunwa seli zake, hupewa dawa kali za kemotherapi kuifuta kinga iliyoasi, kisha hurudishiwa seli hizo ili kinga ianze upya. Katika jaribio la Dkt. Richard Burt wa Chicago, lililochapishwa 2019, wagonjwa 110 waligawanywa nusu kwa nusu, na ugonjwa ulizidi kwa 3 waliopandikizwa dhidi ya 34 waliotumia dawa za kawaida. Wote walikuwa na aina ya kuzuka na kutulia. Tiba hiyo huzima moto. Haiezeki paa lililokwisha kuungua.

Mjomba Salim, 09:31
Kwa habari ya waya, yule fundi wetu asikaribishwe katika matibabu haya, maana hadi leo ukiwasha taa ya chooni, feni ya sebuleni ndiyo inayozunguka.

Shangazi Mwanaidi, 09:33
Salim, unafanya mzaha na mtoto anashika ukuta kwenda msalani. Hemedi, mayelini inaota au haioti?

Hemedi (London), 09:50
Mwili huiotesha wenyewe kwa kiasi, ila uwezo huo hufifia kadiri miaka inavyokwenda. Kupandikiza seli shina za neva ubongoni kumejaribiwa San Francisco kwa wavulana wanne wenye ugonjwa wa kuzaliwa wa Pelizaeus-Merzbacher, unaozuia mayelini kuundwa, na mwaka 2012 ilitangazwa kwamba picha za MRI zilionyesha dalili za mayelini mpya. Huko Italia, wagonjwa 15 wa maltipo sklerosisi waliofikia hatua ya kudhoofika mfululizo walidungwa seli za aina hiyo, na matokeo ya 2023 yalihusu zaidi usalama. Hayo bado ni majaribio, wala si bidhaa ya kulipiwa arbuni.

Mama Shabani, 11:58
Mimi sina elimu ya seli. Nakumbuka tu mchango wa mgongo wa marehemu kaka, ambao nao ulikuwa wa kabla ya Ijumaa, na risiti yake naisubiri hadi leo.

Shangazi Mwanaidi, 11:59
Jambo hilo tulilimaliza Pangani.

Mama Shabani, 12:03
Mlilimaliza nyinyi. Mimi sikuitwa.

Bi Mkubwa (anaandikiwa na mjukuu), 14:20
Nimesomewa yote. Fedha isiende kwa mtu ambaye hajamwona Zuhura wala picha za kichwa chake. Na tangu asubuhi mnamsemea. Yeye mwenyewe sijamsikia.

Shangazi Mwanaidi, 14:52
Nimesikia, mama.

Zuhura, 16:37
Shikamooni. Joto la leo limenizidi, macho yakaingia ukungu na mguu wa kushoto ukakataa amri hadi alasiri, ndiyo maana nilinyamaza. Daktari wa mishipa ya fahamu ameniagiza nirudie MRI, na ameitaja okrelizumabu, dawa ya dripu ya kila miezi sita, ambayo bei yake niliona haya kuileta humu. Kliniki sikuiomba mimi.

Shangazi Mwanaidi, 16:45
Basi iliyokwisha tumwa naishikilia kwa MRI. Hata hivyo Hemedi uwaandikie wale watu kabla ya Ijumaa, waseme ni seli gani na wanazitoa wapi, tusije tukapoteza nafasi.

Rehema, 21:15
Samahani shangazi, nilikuwa safarini. Je, tunatuma ya arbuni au ya MRI?