Mwenye digrii ya biokemia aingieje kwenye utafiti wa jenetiki ya magonjwa ya akili?

Chembe_Urithi: Habari wakuu. Nina digrii ya biokemia, kutoa DNA na PCR (kunakili kipande cha DNA mara nyingi) naviweza. Nataka kuwa mtafiti wa jenetiki ya magonjwa ya akili. Je, lazima niwe daktari? Kwa masters nafikiria kupima jeni moja ya serotonini kwa wagonjwa 150 wa sonona.

Takwimu_Kwanza: Mkuu, hiyo mada iache kabla hujaandika andiko. Jeni ya kisafirishi cha serotonini ilivuma tangu 2003, lakini mwaka 2019 jeni 18 za sonona zilizotajwa sana zilipimwa upya kwa data ya malaki ya watu, zikaonekana hazina uzito zaidi kuliko jeni nyingine yoyote. Mchango wa kila kibadala (sehemu ya DNA inayotofautiana kati ya watu) ni mdogo mno, watu 150 hawawezi kuuonyesha. Siku hizi hupimwa jenomu nzima (DNA yote ya mtu), na matokeo hayakubaliwi mpaka p (uwezekano wa kuyapata kwa bahati tu) iwe chini ya 5×10⁻⁸. Kwa njia hiyo muungano wa watafiti wa PGC (Psychiatric Genomics Consortium) ulifikisha maeneo 108 ya jenomu yanayohusishwa na skizofrenia mwaka 2014, na 287 mwaka 2022. Jifunze Linux, R (ya takwimu) na PLINK (programu ya kuchambua data ya jenetiki). Huko ndiko utakakoshinda siku nzima, si maabara.

Mchujo: Naongezea, maana kwenye kusafisha data ndipo wengi wanapoharibu. Ondoa kwanza vibadala vyenye mapengo (data iliyokosekana) zaidi ya 5%, kisha watu wenye mapengo zaidi ya 2%, ndipo urudi kwenye vibadala kwa kipimo cha 2%. Hakiki jinsia, tafuta ndugu waliomo kwenye sampuli kwa programu ya KING. Usikimbilie kipimo cha Hardy-Weinberg (kinachoangalia kama mgawanyo wa kibadala ni wa kawaida katika jamii moja): ukichanganya sampuli za Kilifi na Eldoret, vibadala vizuri kabisa vitafeli kwa sababu tu jamii zinatofautiana. Anza na PCA (mbinu ya kuwapanga watu kwa asili yao ya kijenetiki), halafu pima ndani ya kila kundi, kwa wasio wagonjwa peke yao.

Kosa lisilorekebishika ni wagonjwa wote kutoka mji mmoja na wazima wote kutoka mwingine, au kila kundi kwenye sahani yake ya sampuli maabara. Hapo utakuwa umepima mahali au sahani, siyo ugonjwa.

Chembe_Urithi: Asante sana wakuu. Na suala la udaktari?

Nesi_wa_Utafiti: Si lazima, ila jifunze utambuzi wa ugonjwa. Usaili wa MINI (maswali ya kutambua magonjwa ya akili) ukifanywa ovyo, hakuna programu itakayookoa data. Sampuli nyingi ni mate: mililita 2 bila kuhesabu povu, nusu saa bila kula, kunywa wala kuvuta sigara. Wanaotumia benzhexol (dawa ya kupunguza madhara ya dawa za akili) hukauka mdomo. Wape muda, sukari kidogo kwenye ulimi husaidia. Na usichukue sahihi ya ridhaa kabla ya kupima, kwa maswali ya UBACC, kama mshiriki ameuelewa utafiti. Akikosea, mweleze tena sehemu ile ile, umuulize upya.

Takwimu_Kwanza: Fuatilia matokeo ya NeuroGAP-Psychosis, utafiti wa jenetiki ya saikosisi Afrika unaofanywa na Moi, KEMRI-Wellcome Kilifi, Makerere, Addis Ababa na Cape Town. Mada nzuri ya masters ni kujaribu kwenye data ya Afrika alama za hatari (jumla ya michango ya vibadala vingi) zilizotengenezwa kwa data ya Wazungu. Uchambuzi wa 2019 ulikuta usahihi wake kwa watu wenye asili ya Afrika unashuka takriban mara 4.5. Omba data mapema, maana kamati za data na maadili huchukua miezi.