Mkopo wa kuchakata plastiki na taka za kielektroniki Dodoma: benki ya maendeleo, benki ya biashara au halmashauri?

YadiKizota (mwanzisha mada)
Wakuu, habari za mchana. Nina yadi ya makopo Kizota, mwaka wa tatu huu. Nanunua chupa za maji na soda kutoka kwa waokotaji wa Majengo, Chang'ombe, Sabasaba na wachache wanaotokea upande wa dampo la Chidaya, kilo kwa 400. Siku ikiwa nzuri napata tani moja. Nachambua, naweka kwenye viroba, gari linapeleka Dar.

Sasa nataka mashine ya kusaga, mtambo wa kuoshea, na banda la taka za kielektroniki, maana tangu ofisi za serikali zihamie Mtumba kompyuta mbovu ziko kila kona. Hesabu ya fundi imefika milioni 120. Nimeulizia TIB, ile benki ya maendeleo ya serikali, benki mbili za biashara na maendeleo ya jamii pale jiji. Kila mmoja anavutia kwake. Nani amepita njia hii?

Mhasibu_AreaC
Mkuu, hizo pesa hazifanani hata kidogo. TIB tangu 1970 ipo kwa ajili ya mikopo mirefu: viwanda, mitambo, miundombinu. Watu wanakimbilia kuuliza riba, ila utamu wa benki ya maendeleo uko kwenye muda. Chukua milioni 120 kwa asilimia 15, maana ndipo zinapozunguka riba za benki za biashara. Ukipewa miaka mitatu, marejesho ni kama milioni 4.16 kila mwezi. Ukipewa miaka saba kwa riba hiyohiyo, yanashuka hadi milioni 2.3. Tena ukipata kipindi cha kulipa riba tupu wakati mtambo unafungwa, ni milioni 1.5 kwa mwezi. Yadi yako inaweza ipi kati ya hizo?

Shida ni kwamba wewe ni mdogo kwao. Karatasi za mkopo wa milioni 120 na za bilioni 2 ni zilezile: andiko la mradi, hesabu zilizokaguliwa, mchango wako, dhamana, cheti cha mazingira. Usije ukalipa mtaalamu wa kuandika andiko pesa ambayo ingenunua mashine.

Pesa_ya_Jioni
AfDB je, Benki ya Maendeleo ya Afrika? Nasikia wana mfuko wa uchumi wa mzunguko, huu wa kurudisha taka kwenye matumizi.

Mhasibu_AreaC
Wanao, lakini mwenye yadi Kizota hapigi hodi makao yao makuu Abidjan. Pesa za AfDB hupitia serikalini na kwenye benki za ndani, ndipo zikufikie na masharti ya benki uliyosimama mbele yake. Hizi za "kijani" nazo uzielewe. CRDB walipata ithibati ya Mfuko wa Kijani wa Tabianchi 2019, na 2023 wakauza Hatifungani ya Kijani, yaani wakakopa kwa wawekezaji. Walionunua wanalipwa asilimia 10.25 kwa mwaka. Benki inayolipa 10.25 haitakukopesha wewe kwa 7 kwa sababu unaokota chupa.

MamaViroba
Mwanangu YadiKizota, mimi niko Nkuhungu, kikundi chetu kina akina mama tunaouza plastiki ngumu: ndoo, viti, madumu. Tulichukua ule mkopo wa asilimia kumi wa halmashauri, ile 4 ya wanawake, 4 ya vijana, 2 ya wenye ulemavu. Riba hakuna. Ulisimamishwa 2023, ukarudi 2024, sisi tukaingia baada ya hapo. Pesa ilitusaidia kununua mzigo na mizani, basi. Ni ya kikundi, mwanangu. Wewe una yadi yako peke yako, utaunda kikundi cha kuazima majina? Tumeona vikundi hivyo, siku ya marejesho simu hazipokelewi.

Bomba_la_Nala
Hapa mnajadili riba na hamjamuuliza maji atatoa wapi. Nimefunga mitambo ya kuosha plastiki mikoa miwili. Mtambo wa kuosha unakunywa maji kama mkokoteni wa ng'ombe kumi, na kutoa gundi ya lebo unahitaji maji ya moto na kostiki soda. Mji huu unategemea sana visima vya Mzakwe, na mvua ni Desemba mpaka Aprili. Uchimbe kisima, ujenge mabwawa ya kusafisha maji uyarudishe tena, kisha NEMC, wasimamizi wa mazingira, waje waulize yale machafu yanakwenda wapi. Milioni 120 ya fundi wako ina hayo ndani?

Dodoma funga marobota, usioshe. Dar ni kama kilomita 450, na kwa viroba unasafirisha hewa. Mashine ya kufunga marobota gari lilelile litabeba uzito mara kadhaa. Waache wa Dar waoshe.

Pesa_ya_Jioni
Ng'ombe kumi tena 😂 Mgogo hawezi kuongea dakika mbili bila kutaja ng'ombe.

Bomba_la_Nala
Wanaokunywa pombe ya zabibu wanyamaze.

Chogo_na_Mazabodi
Kwenye taka za kielektroniki niruhusuni, ndiyo kazi yangu. Kwanza kompyuta za Mtumba usizihesabu kama zako. Mali chakavu ya serikali haitoki bila kibali cha Hazina, na mara nyingi huenda mnadani. Pili, kuna kanuni za 2021 za taka za vifaa vya umeme na elektroniki, lazima uwe na kibali cha kukusanya, kusafirisha au kubomoa, na afisa mikopo yeyote mwenye akili atakuomba kabla hajafungua faili.

Tatu, soko. Shaba, alumini na chuma unauza hapahapa. Mazabodi, zile bodi za saketi za kompyuta, yenye dhahabu huyeyushwa nje, kwenye viwanda kama cha Umicore kule Hoboken, Ubelgiji. Tangu Januari 1, 2025 Mkataba wa Basel, ule wa kimataifa wa taka hatari, unataka taka zote za kielektroniki, hata zisizo na sumu, zisivuke mpaka bila ridhaa ya maandishi ya nchi zinakopita na zinakokwenda. Miezi inapita mzigo umekaa stoo huku riba inatembea. Na TV za chogo utaletewa bure kwa furaha, kioo chake kina madini ya risasi na hakuna anayekitaka. Kuna watu wanachoma waya kupata shaba, wewe ukionekana na moshi huo mkopo umekufa.

Anza na kukusanya na kutenganisha. Kubomoa kuje baadaye.

Mhasibu_AreaC
Hapo Bomba na Chogo wameshapunguza deni kuliko benki yoyote. Tukate hesabu upya. Mnunuzi wako wa Dar anakulipa baada ya siku ngapi?

YadiKizota
Siku 45, akichelewa 60.

Mhasibu_AreaC
Ndilo tundu lako hilo. Siku 45 ni kama siku 39 za kazi, tani moja kwa 400,000, una milioni 15.6 imelala Dar wakati waokotaji wanataka taslimu jioni. Hakuna benki ya maendeleo itakayoziba hilo kwa mkopo wa miaka saba. Hiyo ni kazi ya mkopo mfupi wa benki ya biashara, unaoonesha ankara na mkataba wa mnunuzi.

MamaViroba
Asipopata huko ataangukia kausha damu, mikopo ya mtaani ya riba kali. Mwenzetu mmoja alipoteza friji na pikipiki.

Bomba_la_Nala
Mashine ya marobota jaribu EFTA, wanakopesha mitambo na mtambo wenyewe ndiyo dhamana, unatanguliza sehemu ya bei.

Mhasibu_AreaC
Na hati ya kiwanja, mkuu? Kama ni ya enzi za CDA, ile mamlaka ya kustawisha makao makuu iliyokuwa ikigawa viwanja, hati ya miaka 33, ishughulikie pale jiji mapema. CDA ilivunjwa 2017 na bado kuna watu wanakwenda benki na karatasi zile. Mteja wangu mmoja alirudishwa mara mbili, benki siitaji.

YadiKizota
Hati yangu ni hiyohiyo ya CDA. Kesho asubuhi naanzia jiji.

Mtambo wa kuosha nimeufuta. Namwambia fundi aniletee bei ya mashine ya marobota peke yake, na mnunuzi nitamwomba siku 30. Kuna mtu anajua mashine iliyotumika, iwe Dodoma, Singida au Morogoro, ambayo silinda zake hazivuji mafuta? Njoo PM.