Bimkubwa kakopa kikoba akanunua mashine ya maji ya alkali, na dawa za presha kaacha. Nifanyeje?

Kijana wa Pongwe

Habarini wakuu. Uzi mrefu kidogo, mnivumilie.

Mama yangu ana miaka 63, yuko Pongwe, mimi nahangaika hapa mjini Tanga. Presha anayo mwaka wa nane sasa, na dawa alikuwa anameza vizuri tu. Mwezi uliopita shoga yake wa kikoba kampeleka kwenye semina ya afya, chai na sambusa bure. Jamaa aliyevaa koti jeupe kaweka glasi mbili mezani, moja maji ya chupa ya dukani, nyingine maji ya mashine yake. Akadondoshea kila moja matone ya dawa fulani. Ya dukani yakageuka njano, ya mashine yakageuka zambarau. Akasema hiyo njano ndiyo tindikali mnayokunywa kila siku, na presha, sukari na kansa haviwezi kuishi kwenye mwili wenye alkali. Mama anasema ukumbi mzima uliguna.

Akakopa 1,400,000. Mimi sikuambiwa.

Jumapili nimekwenda kumsalimia, natafuta kiberiti kwenye droo, nakuta vidonge vya presha vya mwezi mzima havijaguswa. Wiki ya tatu hiyo. Namuuliza, ananijibu kwa upole kabisa: "Mwanangu, ukishakuwa alkali dawa za nini tena?" Samaki kaacha, ati wanaleta tindikali. Mtu wa Tanga, kaacha samaki! Anashindia matango na ndimu. Na kwenye maharage siku hizi anatia magadi kijiko kizima, maana na yenyewe ni alkali.

Nikibisha ananiuliza kama nimesoma kumshinda yule daktari. Naombeni ushauri, hii kitu ina ukweli wowote? Na nitamwambiaje bila kugombana?

Nesi wa zamu ya usiku

Kabla ya hayo yote, kampime presha leo. Sio kesho. Mtu wa miaka 63 anayekatisha dawa ghafla, kiharusi hakipigi hodi. Na akikubali kurudi kwenye dozi asijifidie kwa kumeza viwili viwili, aende kliniki wampangie.

Halafu hayo magadi. Magadi ni chumvichumvi za sodiamu, ile ile sodiamu tunayowakataza wenye presha kwenye chumvi ya mezani. Kijiko kizima kwenye sufuria ya maharage, kila siku, ni mzigo mkubwa. Tena magadi yanaua vitamini B1 kwenye hayo maharage. Loweka usiku, mwaga maji, chemsha. Yataiva.

Mzee wa Chumbageni

Kama alkali inatibu basi tuhamie Ziwa Natron jamani. pH yake, yaani kipimo cha ukali wa tindikali na alkali, inapita 10. Heroe wanazaliana kule kwa raha zao kwa sababu adui hathubutu kukatiza yale magadi. Sisi tutachubuka.

Mwalimu wa Kemia

Mkuu, nimefundisha somo hili miaka mingi, nikuelezee taratibu.

pH inaanzia 0 hadi 14. 7 ni katikati, chini yake tindikali, juu yake alkali. Kila hatua moja ni mara kumi, hapo ndipo wengi wanapoteleza. Damu ya binadamu inakaa kati ya 7.35 na 7.45. Ikipanda au ikishuka nje ya hapo mwili unahangaika kuirudisha: mapafu yanatoa kaboni dayoksaidi kwa dakika chache, figo zinamalizia kazi kwa saa na siku. Mtu ambaye damu yake imehama kweli humkuti kwenye semina anakula sambusa, utamkuta kalazwa.

Sasa hayo maji. Tuseme mashine inatoa maji ya pH 9, na hayana madini mengi ndani. Tumbo lina tindikali ya pH kama 2. Piga hesabu: lita nzima ya maji hayo inamalizwa nguvu na mililita 1 ya tindikali ya tumbo. Mililita moja! Matone ishirini hivi. pH inakwambia alkali ni kali kiasi gani kwa wakati ule, haikwambii iko nyingi kiasi gani. Wingi wake, yaani uwezo wa maji kuzima tindikali, unaletwa zaidi na baikabonati, na ndio unaoitwa ualkali wa maji.

Na hapa ndipo ninapocheka, maana mama yako yuko Pongwe. Pongwe ni mawe ya chokaa matupu, mwamba wa aina ile ile ya mapango ya Amboni. Maji ya mvua yana tindikali kidogo, yanapopita kwenye mwamba huo yanaulamba polepole, ndivyo mapango yalivyochimbika, na yanatoka yamebeba baikabonati. Kama mna kisima, chungulia ndani ya birika la mama. Ule ukoko mweupe mgumu unaokwangua kwa kisu ndio ushahidi. Mama kanywa maji yenye alkali tangu utotoni, bure, na presha ikampata vilevile.

Kuhusu matone: ile ni rangi ya kupimia tu, haipimi sumu wala afya. Nunua magadi ya mia mbili, chemsha rozela (maji yake nayo hubadilika rangi kwa tindikali na alkali), fanya semina yako mwenyewe jikoni. Usimhubirie. Mwache aone.

Alkali Ni Uhai

Mnaongea msiyoyajua. Otto Warburg alipata Nobel kwa kugundua kwamba kansa haiishi kwenye alkali. Wasomi wa Bongo wivu tu. Mashine zipo, njoo inbox.

Mwalimu wa Kemia

Warburg alipewa Nobel mwaka 1931 kwa kazi ya kimeng'enya cha upumuaji wa seli. Kansa aliichunguza kweli, lakini Nobel haikuwa ya hiyo, na maji ya mashine hayamo kabisa. Na ukitaka majina, Mmarekani Robert O. Young, aliyevuma duniani kwa hii habari ya kula alkali, alikutwa na hatia California mwaka 2016 kwa kutibu watu bila leseni.

Nesi wa zamu ya usiku

Niongeze, isije ikaonekana tunapinga kila kitu. Wapo wagonjwa wa figo ambao daktari anawaandikia sodiamu baikabonati kwa sababu damu yao imeelemea tindikali kweli, na wapo wenye aina fulani za mawe ya figo wanaopewa dawa ya kuufanya mkojo uwe alkali. Lakini ni kwa vipimo na dozi. Mkojo unabadilika haraka ukila ndimu na mboga, ndiyo maana wauzaji wanapenda kuwapimisha watu mkojo. Damu haifuati.

Matango na mboga mwache aendelee, kwa mtu wa presha ni chakula kizuri, sababu ni potasiamu na chumvi kuwa kidogo. Samaki mrudishie.

Dada wa Mwani

Mimi naona ajabu watu wanahangaika na alkali ya kwenye glasi, na bahari iliyo mbele yetu inapoteza ya kwake hawashtuki. Maji ya bahari yako pH kama 8.1, na yameshuka kama 0.1 tangu viwanda vya dunia vianze, kwa kaboni dayoksaidi ya moshi tunaotoa, inayoyeyuka majini. Inaonekana ndogo, ila kumbukeni mwalimu alivyosema kila hatua ni mara kumi. Matumbawe na chaza wanajenga nyumba zao kwa chokaa iliyomo majini, tindikali ikizidi wanajenga kwa taabu. Na sisi tena tuliyavunja matumbawe wenyewe tukayachoma tanuri la chokaa. Samahani, nimetoka nje ya mada.

Mzee wa Chumbageni

Hujatoka dada. Hiyo ndiyo mada yenyewe, ila haina sambusa.

Kijana wa Pongwe

Mrejesho wakuu.

Nimempima kwa mashine ya jirani: 178 kwa 104. Nilitetemeka mkono. Yeye anasema mashine ya jirani mbovu.

Jumamosi nikachemsha rozela, nikaweka glasi tatu mezani. Sikusema kitu. Ya kwanza nikakamulia ndimu: nyekundu ya kung'aa. Ya pili maji yake ya mashine: ikafifia, zambarau. Ya tatu maji ya kisima na punje za magadi: ikageuka kijani cha giza, kama maji ya mlenda. Akakaa anaziangalia. Akachukua ile ya magadi, akainusa. "Kwa hiyo yule alinifanyia mazingaombwe kwa magadi?" Nikamwambia mashine ni ya umeme mama, lakini kubadilisha rangi hata magadi ya mia mbili yanaweza. Kimya. Baadaye akauliza, "Na ndimu mbona inakuwa nyekundu, si walisema ndimu ni alkali?"

Hapo sikujibu, mwalimu njoo.

Jumatatu tumekwenda kliniki, amerudishiwa dozi. Jana ilikuwa 148 kwa 90. Ameniomba nisiwaambie wenzake wa kikoba kuhusu glasi, atawaambia mwenyewe kwa wakati wake. Wauzaji wanasema hela hairudi ila akileta watu watatu atapewa kamisheni. Mkopo umebaki miezi kumi, tumegawana mimi na dada.

Mashine ipo juu ya kabati, kaifunika kitambaa cha kufuma.

Mwalimu wa Kemia

Ndimu mdomoni ni tindikali, haina ubishi. Wanachosema wao ni kwamba mwili ukishaichoma, mabaki yake yanaelekea alkali, na yanaishia kwenye mkojo. Mama ameuliza swali zuri kuliko ukumbi mzima ule.

Mzee wa Chumbageni

Na samaki je, amerudi?

Kijana wa Pongwe

Changu wa nazi, leo mchana. Nimekuta kichwa tu.